Siku Niliyokimbilia Msikitini Taveta

Harufu ya viatu vipya vya plastiki hunichefua mpaka leo. Nikimpeleka mwanangu Neema dukani, mtaa wa Majengo, naziba pua, na muuzaji anadhani nadharau bidhaa zake. Sidharau, wenzangu. Viatu vya namna hiyo, vyekundu, ndivyo nilivyovalishwa siku niliyopelekwa kutembea.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa vitu na kahawa haina bei. Baba alikuwa ameshafariki, Mama amebaki na sisi watano kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Shangazi Manka, dada yake Baba, alikuwa ameolewa Majengo na mfanyabiashara Mwislamu tuliyemwita Baba Zubeda. Huyo alikuwa na pikapu Pijo, akipeleka ndizi Taveta, ng’ambo ya mpaka. Shangazi akaja na vile viatu, akasema, “Flora, kesho tunakwenda kutembea. Mpaka Kenya!” Nilikuwa na miaka minane. Sikulala kwa furaha.

Tulianzia maporomoko ya Marangu. Mngurumo wake niliusikia kifuani kabla sijayaona maji, halafu manyunyu yakanipiga usoni, baridi kama barafu, nikacheka mpaka nikapaliwa na chungwa. Shangazi alinishika mkono nisiteleze. Alinishika vizuri kabisa, na hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo.

Baba Zubeda hakupitwa na swala. Himo alisimamisha gari mbele ya msikiti, sisi tukabaki garini tukitafuna karanga. Nikamuuliza Shangazi kwa nini haingii. “Kule ndani ni kwa wanaume. Hata gari liwake moto, mimi siingii.”

Mpakani Holili, Baba Zubeda alishuka kushughulikia ndizi zake. Askari akachungulia dirishani.

“Huyu mtoto wa nani?”

“Wangu,” Shangazi akajibu haraka.

Mjinga mimi nikavimba kichwa.

Taveta, Baba Zubeda alipokwenda kuswali alasiri, akaja mama mmoja mnene mwenye jino la dhahabu. Hakunisalimia. Alinishika viganja akavigeuza kama anayekagua viazi.

“Mbona mdogo hivi?”

“Mdogo wapi! Mchagga huyu, amezaliwa na mtoto mgongoni. Kufua anajua, kupika anajua, na hali sana.”

“Akilia je?”

“Atalia wiki moja, halafu atanyamaza.”

Nilichomoka. Nilikimbia moja kwa moja hadi msikitini, nikaacha viatu mlangoni, nikajibanza nyuma ya safu ya mwisho. Mkeka ulikuwa wa baridi na wanaume wote wameinamisha vipaji vya nyuso. Kwa hofu nikapiga ishara ya msalaba. Huku nyuma Shangazi ananikaripia kwa mnong’ono mlangoni: “We Flora! Toka huko! Leo utanikoma!” Lakini hakukanyaga ndani.

Walipomaliza, Baba Zubeda akageuka, akashangaa. “Mkatoliki wetu umefuata nini huku?” Nikamweleza huku kamasi zinatiririka. Hakupandisha sauti. Alivaa kandambili zake, akatoka, akamwambia mkewe mbele za watu: “Mimi nilipakia ndizi, Manka. Mtoto wa kugawa sikupakia.” Tukarudi jioni ileile, mimi peku, maana viatu vyangu sikuvikuta.

Mama alitoka na kibatari. Alinitazama, akamtazama Shangazi, akauliza, “Mbona amerudi?”

Nilidhani anashangaa tumewahi. Kwa miaka mingi chuki yangu yote nikaimwagia Shangazi. Alipozeeka nilimpita barabarani bila shikamoo. Alipofariki sikwenda mazikoni. Siku ile nilipika pilau.

Mwaka huu Neema ametimiza minane. Siku moja alichelewa kutoka shule mpaka giza likaanza kuingia. Alipotokea nilimkumbatia huku namgombeza: “Ulikuwa wapi wewe? Ulikuwa wapi?” Mama yeyote huuliza hivyo. Wangu aliuliza mbona nimerudi. Shangazi alinibeba tu. Aliyenitoa ni mwingine.

Nikapanda kwa Mama nikamuuliza waziwazi. Akasema, “Mlikuwa watano, mwanangu.” Nikashuka bila kuaga.

Mwezi uliopita alinifuata kwangu mtaa wa Soweto, ameshika isale, jani letu la kuombea msamaha. Kwetu ukiletewa hilo, kesi imekwisha, hata kama mtu kamuua ndugu yako. Alilinyoosha kwa mikono miwili.

“Isale halikataliwi, Flora.”

“Ila mtoto anakataliwa?”

Mikono yake ikabaki hewani. Majirani wananiambia nitapata laana. Laana ipi nisiyoijua? Nilimpa chai, nikamwekea na sukari ya kutosha, nikakaa naye mpaka akamaliza. Kisha nikamsindikiza stendi, yeye na jani lake mkononi, nikangoja gari liondoke.