Hakuna Ubeti wa Kufuli

Nyidron hakumwamini mtu, na wiki ya harusi ya binti yake hata kuficha aliacha. Mshenga alipoleta pombe ya posa, aliinusa kwanza kama mbwa anayenusa mgeni. Mnajimu aliposema siku imekaa vizuri, akamuuliza, "Imekaa vizuri kwa nani?" Jirani yake Lhakdron alipojitolea kuja kuosha vyombo, akaambiwa kaa tu dada, chai hiyo hapo, na mikono yako naiona.

Halafu akakusanya mabakuli yote ya jikoni, miiko, vijiko vya chumvi, akavitia kabatini na kupiga kufuli. Kufuli lenyewe la chuma, zito, la ghala la shayiri. Ufunguo akaufunga kwenye mkanda wake.

"Mama, wageni watakunywa kwenye nini?" Kyizom, binti yake, akauliza.

"Kila mtu ana bakuli lake kifuani mwa joho. Wanywe humo."

"Aibu hiyo."

"Aibu haijawahi kuua kondoo."

Kidonda kilikuwa hapo hapo, kwenye kondoo. Katika bonde lile binti akiolewa, baraka za nyumba zinataka kumfuata, kama ndama anavyomfuata aliyemzoea. Kwa hiyo mtu wa nyumba anapanda juu ya paa, mkono mmoja mshale wenye riboni, mkono mwingine paja la kondoo, anaimba kuziita zirudi. Upande wa bwana harusi nao hawalali. Lazima waibe kitu cha jikoni, hata kidogo, bila kuonekana, ili bibi harusi asiingie ukweni mikono mitupu. Wakikamatwa wanarudisha na kuimba wimbo wa faini. Kila nyumba inajua, na kila nyumba inafumba jicho moja. Nyidron hakuwa na mpango wa kufumba hata kope.

Alikuwa bado mtoto dada yake alipoolewa. Baba yao alipanda paani, akaimba vizuri kabisa, halafu alipofika ubeti wa mifugo akanyamaza. Kasimama tu na paja lake la kondoo, mdomo wazi. Kisha akarukia ubeti wa mwisho. Watu wakasema mzee kalewa. Majira ya baridi yale theluji ikawamaliza kondoo wao zizini, na huko kwa dada kondoo wanazaana mpaka wanakosa pa kulala. Nyidron hakulisema kwa sauti, ila alimshuku baba yake mpaka anakufa. Hakulewa yule. Alifanya makusudi.

Ndiyo maana aliushika wimbo ule wote, neno kwa neno, kwa bibi yake, wakipepeta shayiri uwanjani. Alipokuwa mtu mzima akawatangazia wanaume wa ukoo kwamba kuanzia sasa paani anapanda yeye. Wazee wakaguna: mwanamke na mshale wapi na wapi? Alipoimba mara ya kwanza hakuna aliyeguna tena. Sauti ilivuka mto ikarudi. Toka hapo akawa anaitwa nyumba hadi nyumba. Mabinti wa kijiji kile amewasindikiza yeye, na hakuna baba aliyewahi kulalamika kwamba zizi lake limepungua. Safari hii nyumba ilikuwa yake.

Msafara wa bwana harusi ukafika mchana, pikipiki mbele, farasi nyuma, na katikati farasi jike jeupe lenye mimba la kumbeba bibi harusi. Bwana harusi mwenyewe kabaki kwao, kama ilivyo desturi. Aliyeongoza alikuwa Rabgye, mwimbaji wao, bonge la mtu, joho limevimba kifuani kiasi kwamba ungeweza kuficha mwanakondoo humo na asilie.

Nyidron akafunga lango, akaimba kutoka ndani:

"Ninyi wenye vumbi la njia miguuni,
mlango huu umejengwa kwa nini?"

Rabgye akajibu bila hata kukohoa:

"Nguzo ya kulia dhahabu, ya kushoto fedha,
kizingiti feruzi, na mlinzi wake simba jike."

Watu wakacheka. "Simba jike ndiyo nani?" Nyidron akauliza kupitia ufa wa lango.

"Mimi nimeimba tu, mama. Aliyenguruma ni wewe."

Akamuuliza theluji inazaliwa na nani. Akamuuliza mshale ulikuwa nini kabla haujawa mshale. Akamuuliza vitu ambavyo hakuna aliyeviuliza langoni tangu enzi za bibi yake, na yule bonge akavijibu vyote kwa wimbo, jasho linamtiririka, vijana wake nyuma wanaitikia. Mume wa Nyidron, Tobgyal, akamgusa bega. "Wafungulie. Wataota mizizi hapo nje."

"Anajua nyimbo nyingi mno. Mtu anayejua hivyo ana jambo."

"Jambo lake ni kumchukua mtoto wetu. Fungua."

Wakaingia, wakakaa, wakamiminiwa pombe kwenye mabakuli yao wenyewe. Waliangaliana tu. Nyidron akazunguka na birika huku macho yakifanya kazi nyingine.

Wa kwanza alikuwa kijana mwembamba. Kijiko cha chumvi kilisahaulika karibu na jiko, yeye akakiona.

"Toa."

"Nini mama?"

"Usinionyeshe mkono wa kulia. Nataka wa kushoto."

Kijiko kikatoka kwenye mkono wa joho. Nyumba ikalipuka kwa kicheko, kijana akaimba wimbo wake wa faini, sauti inapanda na kushuka kama punda kwenye mawe. Wa pili akakamatwa na chujio la chai ndani ya buti. Wakacheka tena, kidogo. Halafu Nyidron akasimama mbele ya Rabgye.

"Na wewe, mjomba. Fungua joho."

Kicheko kikakatika. Mwimbaji hapekuliwi. Tobgyal akainamisha kichwa kama aliyepigwa. Rabgye akaingiza mkono kifuani polepole, akatoa bakuli lake, akatoa simu, akatoa kipande cha jibini kavu, akavipanga mezani.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama," akasema. "Mimi nguoni mwangu mna jibini. Karibu."

Alfajiri yake Kyizom alikuwa anavishwa. Feruzi iliyoletwa na wakwe ilikuwa tayari kichwani, mshale wake wa harusi umechomekwa nguoni mgongoni. Nyidron alikuwa anamfunga mkanda.

"Wamepata chochote?"

"Hata punje ya chumvi," Nyidron akajibu, na alijisikia vizuri kusema.

Kyizom akausukuma mkono wake. "Basi naondoka gunia tupu."

"Gunia tupu gani, na feruzi hiyo?"

"Ni ya kwao hii. Mama, umesindikiza mabinti wa kijiji hiki kizima. Yupi uliwahi kumwacha aende hivi? Nitajie mmoja." Nyidron akaushika tena mkanda. "Siagi ikikataa kuganda, ni mimi. Ng'ombe akitupa mimba, ni mimi. Mama mkwe atasema nilijua, kwao hata kijiko hakikutoka. Atasema hivyo mpaka nizeeke."

"Kama wezi wao ni wazembe, kosa langu liko wapi?"

"Usinidanganye. Hukuwa unajilinda na wao. Ulikuwa unajilinda na mimi."

Ilikuwa kweli. Toka siku ya posa Nyidron alikuwa anamtazama mtoto wake wa kumzaa kama tundu kwenye gunia, mahali punje zinapovujia.

Akatoka, akaenda jikoni. Wengine walikuwa nje wanafunga matandiko. Rabgye peke yake alikuwa amebaki anamalizia chai ya siagi. Nyidron akafungua kabati. Akatoa bakuli la bibi yake, la mti mgumu, limeng'aa kwa midomo ya waliokufa, akaliweka ukingoni mwa rafu, pale pale mlangoni. Kufuli akaliacha linaning'inia wazi kwenye kabati. Halafu akampa mtu yule mgongo, akapiga magoti, akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Mjomba Rabgye," akasema, "moshi huu utanipofusha. Sioni kitu kabisa."

Rabgye akamaliza funda la mwisho.

"Pole, mama," Rabgye akasema.

Benchi likalia, buti zikapita nyuma yake, zikasimama kidogo, zikatoka. Nyidron hakugeuka. Shingo yote ilikuwa inamwasha kugeuka. Akainuka, akachukua mshale na paja la kondoo, akapanda ngazi akiangalia ukuta.

Chini Kyizom alishapakiwa juu ya jike jeupe, analia kama inavyotakiwa, uso mbele, maana bibi harusi hageuki. Msafara ukaanza kushuka. Nyidron akainua mshale, akazungusha, akaimba:

"Baraka ya kondoo, rudi, usimfuate anayekwenda.
Baraka ya shayiri, rudi, ghala lako ni hili.
Baraka ya siagi, rudi, mtungi wako ni huu."

Uliofuata ulikuwa ubeti wa bakuli. Pumzi alishaivuta. Akauona mgongo wa mtoto wake unayumba juu ya farasi, riboni za mshale zinapepea. Akiliita bakuli lirudi, Kyizom atafika na kipande cha mti tu, bila baraka yake.

Paja la kondoo likawa zito. Akaiachia pumzi itoke hivi hivi, bila wimbo. Kule njiani Rabgye alikuwa anaitikia kwa sauti ya chini, kama wanavyofanya waimbaji. Naye akanyamaza, akasimamisha farasi, akageuka kutazama paani.

Nyidron akarukia ubeti wa mwisho.

Na hapo, na mdomo wazi na nyama mkononi, akamkumbuka baba yake. Miaka yote alimshuku, na alikuwa sahihi. Alifanya makusudi. "Haya, mzee," akasema peke yake. "Kumbe ulikuwa na akili zako. Mtoto asiende mtupu."

"Nyidron!" Lhakdron akapaza sauti kutoka uwanjani. "Umeruka ubeti wa bakuli!"

"Sauti ilikwama."

"Yako? Ikwame?"

"Si ulitaka kuosha vyombo wewe? Viko jikoni. Nenda."

Akashuka. Vumbi la msafara lilikuwa bado liko juu ya mto. Aliingia jikoni akiwa amejiandaa kuona rafu tupu.

Bakuli lilikuwepo. Akalishika, akaligeuza, akalinusa hata. La bibi yake, lile lile. Akahesabu miiko, akatazama nyuma ya jiko, akasukuma mitungi. Tobgyal akasimama mlangoni anamwangalia.

"Amechukua nini?"

Mlango wa kabati ulikuwa unacheza na upepo.

"Kufuli," Nyidron akasema.

"Kufuli?"

"Kufuli! Bonge lile! Mwizi yule!" Akakaa chini, hajui kama anacheka au nini. "Nimeruka ubeti wa bakuli, bakuli liko hapa. Yeye kaondoka na kufuli, na hakuna ubeti wa kufuli. Hata ningetaka kuliita, ningeliita kwa maneno gani?"

"Basi limekwenda moja kwa moja. Mtoto hajaenda mtupu." Tobgyal akajifuta macho kwa mkono wa joho. "Ila bila ufunguo ni chuma tu."

Nyidron akaushika ufunguo mkandani.

"Ndiyo hapo. Mjinga mmoja kule atalibana lijifunge, halafu mtoto wangu ndiye atalaumiwa. Shayiri ikishavunwa naupeleka mwenyewe."

"Sema unakwenda kumwona mtoto."

"Nakwenda kuona ghala lao lina mlango wa namna gani. Wale watu huwajui."

Kabati akaliacha wazi. Akamimina chai kwenye bakuli la bibi yake, akanywa, amekaa pale ambapo mlango wote unaonekana.