Mguu mmoja, prosesa ya wastani na kadi ya graphics niliyoipigania

Wakuu, hamjambo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni dereva wa lori. Sijasema nilikuwa. Nimesema NI.

Mguu wa kulia ulikatwa baada ya ajali, nikarudi nyumbani Manga kukaa na magongo nikiangalia wengine wakichuma majani chai. Siku moja nikaamua: natafuta kompyuta ya gaming, nicheze zile game za kuendesha malori.

Kaka yangu mkubwa akacheka. "Mtu mzima na game? Nunua ng'ombe."

Nikamwambia ng'ombe hana gia.

Nikashuka Kisii mjini. Duka la kwanza, muuzaji aliangalia magongo kabla ya uso. Akanitolea mashine ya ofisi.

"Omogaka, mzee wangu, prosesa ya hii ni moto. Graphics iko ndani tayari. Inakutosha."

Inakutosha! Hilo neno nimelisikia tangu hospitali.

"Washa game ya lori hapo nione."

Akawasha. Lori likaanza kurukaruka kama chura. Nikamuaga.

Duka la pili nikampata fundi, mama mmoja anaitwa Bosibori. Swali lake la kwanza: "Unacheza game gani, na skrini yako ni ya aina gani?" Habari ya mguu hakuigusa.

Akanieleza pesa nyingi iende kwa kadi ya graphics, ile inayochora picha za game, prosesa iwe ya wastani ya kuendana nayo, na power supply, kile kisanduku cha kugawa umeme, iwe ya maana isije ikachoma vyote.

Kadi ilikuwa second-hand. (Najua mtaniambia mambo ya warranty. Tulieni.) Nilikataa kulipa mpaka tuitese na game hapo hapo dukani, tukiangalia joto. Bosibori hakuudhika hata kidogo.

Nyumbani, mafuta na breki nimeviweka kwa vidole, kwenye controller. Mara ya kwanza kuteremka mlima kwa mvua, lori lilishika kasi kuliko nilivyotaka.

Mke wangu Kemunto alikuwa amesimama nyuma yangu. Tangu ajali alikuwa hajawahi kutaja barabara.

Akasema polepole, "Punguza, baba Moraa. Kona hiyo ni mbaya."

Nikapunguza. Nikapita. Akavuta kiti, akakaa kando yangu.

Funzo: anza na game unayotaka, ndipo uchague kadi, halafu prosesa. Na muuzaji asikupimie maisha kwa macho.

Karibuni mnikosoe kuhusu prosesa. Mwenye neno kuhusu umri wangu au mguu wangu, nyuzi za mijadala ni nyingi humu jukwaani, apite.