Mkunga Aliyeandika kwa Mafundo

Muuza ndizi wa mtaa wa Isevya, hapa Tabora, aliniambia juzi, huku akinichagulia zilizoiva, kwamba yule mkunga wa kijiji kilicho kando ya njia ya zamani ya misafara amezikwa. Niliziacha ndizi pale pale. Wasomaji wangu mmenivumilia miaka mingi nikiwasifu wasomi. Leo namsifu mama asiyejua hata alifu, mtafiti mkubwa kuliko wote niliopata kuwaona.

Nilikuwa kijana aliyetoka sekondari na kalamu mfukoni, Bibi Daktari wa serikali aliponituma vijijini kuwauliza akina mama wamezaa mara ngapi, wamezika wangapi, na wamepumzika muda gani kati ya mimba na mimba. Majibu yale ndiyo yangeamua kijiji gani kijengewe chumba cha kuzalia. Lakini kwetu kijana hamuulizi mama wa watu habari za uzazi. Niliona haya, nikakaa barazani nikawauliza waume. Nao, kwa desturi, hawawataji waliozikwa. Kijiji kizima cha mkunga yule kikaonekana kimejaa neema. Hata shemeji yangu, mume wa dada yangu, alinijibu, "Watatu, wazima wote," nikaandika.

Mkunga akaniita. "Karani, hebu nisomee ulivyotuandika." Nikasoma. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Wanaume wamekuzalia vizuri! Hata kelele hawakupiga." Kisha akatungua darini furushi la kamba za magome ya miombo. Kila kamba ni mwanamke mmoja, kila fundo mtoto. Fundo lililochomwa moto ni mtoto aliyezikwa, na urefu kati ya fundo na fundo ni misimu ya mvua aliyopumzika mama. Kamba ya dada yangu ilikuwa na mafundo sita yaliyobanana kama punje za mtama, matatu meusi. Pembeni yake akatandaza kamba alizoachiwa na mama yake, za enzi ya wapagazi. Zile zilikuwa na nafasi pana.

"Umeona?" akasema. "Waume walikwenda pwani na pembe za ndovu, mwanamke akapumzika hadi mtoto akaweza kubeba kibuyu cha maji. Reli imechukua mizigo, ikaturudishia waume, na nafasi ile ikaondoka. Mpelekee Bibi Daktari kamba hizi."

Niliona. Na bado niliogopa kukiri kwamba sikuwauliza wanawake. Nikaziacha kamba, nikapeleka karatasi zangu zilivyokuwa. Chumba kikajengwa kwingine.

Msimu uliofuata dada yangu alishikwa na uchungu wa mtoto wa saba. Walimbeba kwa machela kuelekea hospitali, kwenye njia ile ile iliyopitisha mizigo ya pembe. Hakufika Tabora.

Baada ya matanga nilikwenda kwa mkunga nikiwa tayari kutukanwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kalamu?"

"Ninayo."

"Basi futa machozi, chukua kigoda hicho, utupe mgongo. Mimi nitauliza, wewe utaandika."

Ndivyo tulivyozunguka nyumba kwa nyumba, mimi nikitazama ukuta, sauti za akina mama zikiniletea kutoka nyuma mambo ambayo hakuna mwalimu aliyepata kunifundisha. "Mgongo wa karani huyu hauna haya, uso wake ndio wenye haya!" mmoja alinitania, wote wakaangua kicheko, kisha akataja watoto wanne aliowazika. Karatasi hizo nilizipeleka mwenyewe, nikakiri uongo wa zile za kwanza. Bibi Daktari alizisoma zote mbele yangu. Akaniachisha kazi, na kijiji kikapata chumba.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliwahi kuisoma methali hiyo darasani na kuiandikia insha nzuri, nisiielewe. Kamba ya dada yangu alinipa mkunga, iko mezani ninapoandika haya. Siku hizi naona vijana wengine wakielekea vijijini na karatasi zao za maswali. Mwanangu, ukiona haya, geuka utazame ukuta. Lakini muulize aliyezaa.