Dawa ya Viazi Jikoni

Siku ile naikumbuka vipande vipande, mwanangu, maana kichwa kilikuwa kimenivurugika kabisa. Nilikuwa mke mgeni hapa Butembo, kama wewe sasa, na mtoto wangu wa kwanza ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Sisimizi walikuwa wamenichosha. Walipanda mezani, wakaingia kwenye sukari, wakazama kwenye uji wa mtoto. Mama mkwe aliniambia nifagie na kumwaga majivu penye njia yao, basi. Mimi nikamwona mtu wa zamani.

Mume wangu alikuwa ameleta kutoka shambani kule Alimbongo dawa ya kunyunyizia viazi, ameitia kwenye chupa ya maji. Nikaimwaga sakafuni, kandokando ya ukuta wote wa jikoni. Sisimizi wakaisha. Nikajisifu, hata nikaimba.

Wale simbilisi wadogo kama vitoto vya sungura, tunaowafuga jikoni kwa ajili ya nyama, unawajua wanavyokula majani palepale chini. Mchana nikakuta watano wamekufa na wengine wanatetemeka. Nilishangaa, maana asubuhi walikuwa wazima! Nikakumbuka kwamba majani yale aliniletea jirani yetu, Masika. Ana wivu? Ametia kitu? Nikamwacha mtoto amelala mkekani, nikatoka mbio, nikamtukana Masika mbele ya watu.

"Mama, sikia," akaniambia, "mi hapana jua unasema nini."

Niliporudi, mama mkwe alikuwa ametoka sokoni. Ameinama jikoni, ananusa.

"Ulimwanga nini hapa?"

"Dawa ya viazi, Mama. Juu ya sisimizi."

Akawaruka simbilisi wake waliokufa, akanijia. "Na mutoto, leo alitambaa wapi?"

Sikujua. Mimi niliyemzaa, sikujua! Mkeka ulikuwa mtupu. Tulimkuta nyuma ya mlango wa jikoni, mate yanamtoka, macho yamelegea. Nikaanza kutafuta viatu, kumbe nimevivaa. Aliyemnyakua mtoto na kupanda naye pikipiki hadi kituo cha afya ni Masika, ambaye matusi yangu yalikuwa bado hayajapoa. Nani alimwita? Mpaka leo sielewi.

Mtoto alilazwa siku tatu, akapona. Ndiye mume wako.

Kwa hiyo, mwanangu, jana uliponiomba dawa kali ya sisimizi, usidhani nilinyamaza kwa ubahili. Dawa ya shamba ikae shambani, tena isitiwe kamwe kwenye chupa ya maji. Funika sukari, futa meza, fagia, mwaga majivu. Wakirudi, fagia tena. Na jambo likikuchanganya, kabla ya kumshika jirani uchawi, jiulize kwanza mikono yako mwenyewe imefanya nini tangu asubuhi.

Nyamuhanga, Mungu wetu, akubariki katika nyumba hii. Akupe watoto wengi, na kila mmoja atambae jikoni kwako bila wewe kushtuka.