Yowe la kwanza la Parapanda tangu apasuliwe koo

Ni saa nne asubuhi. Ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha, ambacho kuta zake zimefunikwa kwa magodoro ya zamani ili sauti isirukeruke, mwanamke mwenye koti jeusi la ngozi anakunywa maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Anakunywa taratibu, uso ameukunja, kama mtoto anayelazimishwa dawa.

Mbele yake kuna kipaza sauti na skrini. Kwenye skrini, mwigizaji mmoja amesimama bafuni, pazia limevutwa, mdomo wazi mpaka unaliona jino la mwisho. Sauti haitoki. Dada wa watu ameachama hivyo tangu filamu ilipomaliza kupigwa picha, anasubiri mtu wa kumpigia yowe.

Yowe hilo limo kooni mwa huyu wa koti jeusi, au halimo tena. Hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe. Leo anajaribu kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe.

"Nikishindwa leo, watatafuta yowe la mtu mwingine," anasema kwa sauti ndogo. "Filamu haiwezi kunisubiri milele. Na mimi sina kazi nyingine ninayoijua."

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mama yake mzazi, mkoba mapajani, miguu imebanwa pamoja. Kaja na agizo la daktari: binti akizidisha, amtoe nje hata kwa kumvuta sikio.

Wenzake wanamwita Parapanda. Jina hilo alilipata shuleni, siku alipomwita mdogo wake kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira, mwamuzi akasimamisha mechi. Sasa ana miaka thelathini na tisa. Ni mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya roki yenye mashabiki wachache lakini wagumu kweli, wa kuja hata mvua ikinyesha.

Wanaomjua kwa nyimbo si wengi. Wanaomjua bila kujua kwamba wanamjua, hao ndio tele. Ukiangalia filamu ya kutisha na bibi harusi akafufuka kaburini, mdomo ni wa mwigizaji, kelele ni za Parapanda. Amekuwa mchawi, maiti, pacha wawili kwa mpigo, na safari moja mbuzi.

"Yule mbuzi alikuwa wa muhimu," anajitetea. "Ndiye aliyemwona shetani kwanza."

Mwandishi wa makala haya, ambaye filamu za namna hiyo huziangalia kupitia katikati ya vidole, hakuthubutu kubisha.

Kazi hii aliianza kwa bahati tu. Mwongozaji mmoja wa filamu alikwenda kwenye onyesho la bendi, spika ikaungua katikati ya wimbo, na Parapanda, kwa hasira, akaumalizia wimbo kwa ukelele bila kipaza sauti. Mwongozaji yule alimfuata nyuma ya jukwaa kabla hajafuta jasho. Alikuwa na mwigizaji wa kike anayemsumbua.

"Alikuwa mzuri, jamani, mzuri kweli," anakumbuka Parapanda. "Lakini akipiga kelele, utadhani anadai chenji dukani."

Tangu hapo ni miaka kumi na mmoja. Malipo ya filamu moja humlipia kodi ya nyumba miezi miwili. Bendi, anasema, humlipia nauli ya kwenda kwenye bendi.

Usidhani ni kufungua mdomo tu. Kuna yowe la kuona, kuna la kushikwa, na kuna la kujua kwamba hakuna anayekuja. La kwanza linaanza juu na kushuka. La pili linakatika. La tatu ndilo gumu, kwa sababu mtu huyo hapigi kelele ili asikike. Ndilo hilo linalotakiwa bafuni leo.

Gitaa nalo lina kazi yake. Milango ya makaburi unayoisikia ikifunguka ni kijiko cha chai kinachoburuzwa kwenye uzi mnene wa gitaa lake. Na akirudi nyumbani huandika hadithi za kutisha, ambazo zimeshatoka katika vitabu vidogo vitatu vya jalada jekundu. Katika hadithi zake wafu hawana haraka. Wanakuja, wanakaa sebuleni, wanauliza habari za watoto. Ndipo unapoanza kutetemeka.

Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Akadhani ni mafua. Akanywa asali, akajifunga skafu shingoni, akaendelea kuimba. "Kichwa changu kigumu, naomba ukiandike hivyo hivyo," anasema. Kisha, jukwaani, mbele ya watu, akafungua mdomo kwenye kiitikio na kukatoka hewa tu. Mpiga dramu, akidhani ni mbwembwe mpya, akaendelea kupiga.

Daktari aliona kinundu kwenye nyuzi za sauti. Kikatolewa, kikapelekwa kupimwa, na hapo ndipo familia ilipojua maana ya kusubiri. Neno saratani halikutamkwa nyumbani. Kila mtu alilizunguka kama shimo barabarani.

Majibu yakaja: haikuwa saratani. "Nilikaa chini palepale kwenye korido," anasema Parapanda. "Muuguzi akaniambia dada, hapo panapigwa deki. Nikamwonyesha kwa mkono apige tu, anizunguke."

Lakini daktari hakumwahidi sauti. Alimwambia anyamaze kabisa kwa wiki kadhaa, hata kunong'ona asinong'one, kisha wataona. Ingerudi yote, ingerudi nusu, au angebaki na ile ya kuagizia sukari dukani tu.

Hapo ndipo mama yake alipohamia kwake na sanduku moja na amri nyingi.

Mama huyu ni mkunga mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini amefanya kazi katika wodi ambayo kelele haziishi. Hata hivyo, hajawahi kumaliza filamu hata moja ya binti yake.

"Niimalize ili iweje?" anauliza, amegeuka kabisa kunitazama. "Mwanangu anachinjwa humo ndani. Wewe ungekaa hapo na bisi zako, unaangalia mwanao akichinjwa?"

Nikamjibu kwamba nisingeweza. "Haya basi," akasema, na mada ikafungwa.

Ukimya ule uliwatikisa hadi majirani. Kwa miaka wamezoea mazoezi ya Parapanda, ambayo kwa heshima yao huyafanya mchana tu. Wiki ya pili ya kimya, jirani wa ukuta wa pili akaja kubisha hodi, uso umejaa wasiwasi. "Mama, kwema humu ndani?" akauliza. "Mbona siku hizi hauawi mtu?"

Binti asiyeruhusiwa kusema akawa anaandika. Shida ni kwamba hadithi zake huzipima kwa kuzisoma kwa sauti, na sauti hana. Ikabidi mama asome. Mwanzoni alisoma huku amegeuzia uso ukutani, haraka haraka, ili yaishe. Kisha akaanza kusimama njiani.

"Huyu maiti anaongea mno," alimwambia binti yake siku moja. "Aliyekufa kweli hana maelezo." Parapanda akafuta ukurasa mzima. Anakiri kwamba hadithi hiyo ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuandika, na kwamba hilo linamuuma kidogo.

Sasa tumerudi studio. Nyuma ya kioo, fundi sauti ameinua mkono. Mwongozaji wa filamu hii, kijana mrefu anayetafuna kifuniko cha kalamu, ameinama kwenye skrini. Mkono unashuka.

Parapanda anafumba macho na kufungua mdomo. Kinachotoka ni mlio mwembamba, wenye mikwaruzo, unaopanda kidogo, unayumba, unakatika. Baada yake ni hewa tupu.

Mwongozaji anatazama viatu vyake. Fundi sauti anajifanya kutafuta waya.

"Ndiyo hivyo, Mama," anasema Parapanda. Machozi yameshafika kidevuni. "Haipo tena. Twende nyumbani."

"Haipo nini?" Mama amesimama. Mkoba umeanguka sakafuni na hauokoti. "Wewe hujapiga. Umeogopa tu. Nimewaona wengi kama wewe."

Anamzunguka, anasimama nyuma yake, anamwekea viganja viwili kiunoni. Namwona akibadilika machoni pangu. Yule bibi wa kiti cha plastiki ameondoka. Aliyebaki ni mkunga aliye zamu.

"Unabana koo," anamwambia. "Umelishika utadhani litavunjika. Liachie. Vuta pumzi, ilete huku chini, kwenye mikono yangu. Bado. Usiharakishe, mama. Bado. Mabega yashushe. Eeeh, hivyo hivyo."

Fundi sauti, ambaye hakuna aliyemwamuru, ameshabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Haya," anasema mama. "Sasa."

Nimejaribu kuandika yowe lile mara kadhaa na nimeshindwa. Naweza kusema lilianza chini kabisa, karibu kama mguno, kisha likapanda na kuendelea kupanda, pana, zima, bila ufa wowote. Fundi sauti alivua hedifoni na kuitupa. Mwongozaji alimeza kipande cha kifuniko. Mimi nilimwaga kikombe changu cha chai kwenye suruali yangu na sikuhisi moto mpaka baadaye. Mwanamke wa bafuni, kwenye skrini, hatimaye alikuwa na sauti yake, na nilimwonea huruma ya kweli.

Mama pekee ndiye hakuruka. Viganja vyake vilibaki palepale kiunoni mpaka mwisho.

Likaisha. Parapanda akajishika shingo, akameza mate, akameza tena, akisikilizia. Daktari alimwonya kwamba maumivu yakija, huo ndio mwisho.

"Haiumi," akasema. Akamgeukia mama yake. "Mama, haiumi! Haiumi hata kidogo!"

"Najua," akajibu mama, akatafuta kiti kwa mkono na kukaa kwa kishindo. "Asante Mungu. Nipeni maji."

Kile chumba kikawa sherehe. Mwongozaji aliingia akimkumbatia kila mtu, pamoja na mimi na suruali yangu mbichi. Fundi sauti akasema imeingia vizuri sana, ila kuna mtu amesema "sasa" mwanzoni, atalikata. Nilitoka kwenda kumpigia simu daktari. Alicheka kwa muda mrefu. "Mwambieni inatosha kwa leo," akasema. "Namjua huyo. Atataka moja ya nyongeza, kama anayenunua nyanya."

Kweli alitaka. Mama akamtazama tu, naye akaanza kukunja waya za gitaa.

Nje, kwenye benchi la kivuli, tunazungumza mipango. Yowe la tatu, lile la mwenye kukata tamaa, atalitunza kwa ajili ya filamu, na kwa kiasi. Jukwaani ataimba chini zaidi, nyimbo mpya, nyingine zimetokana na hadithi alizoziandika akiwa kimya. Anataka pia hadithi hizo zirekodiwe zikisomwa, na msomaji ameshampata.

"Hajakubali," anasema.

"Sijakataa," anasema mama.

Onyesho la kwanza la bendi tangu apasuliwe ni mwisho wa mwezi ujao. Parapanda anasema ana ndoto moja tu kwa usiku huo: kumwona mama yake kati ya watu. Miaka yote hii hajawahi kuja hata mara moja. Analisema hilo akitazama pembeni, kama jambo dogo.

Mama anapangusa vumbi kwenye mkoba wake. Anaupangusa kwa muda.

"Huko kwenu," anauliza mwishowe, "watu hukaa kimya wakisikiliza, au nao hupiga kelele?"

"Hupiga kelele, Mama. Ukumbi mzima. Hakuna anayemsikia mwenzake."

"Basi nitakuja," anasema. "Tangu siku ile tulipokuwa tunasubiri majibu yako, na mimi nina yowe langu hapa kifuani. Sikupata pa kulipigia."