Shule ya Tata Isiyokuwa na Kona

Mmewahi kunusa matope ya kukandika ukuta, yale yamechanganywa na mavi ya ng'ombe, yakiwa bado mabichi? Mimi nikisikia hiyo harufu, hata sasa nimebaki na meno manne, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa kule juu mlimani Nyamira, debe kichwani, matope yananichuruzika mpaka kwa shingo.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mito miwili, mvua ikinyesha hakuna mtoto anavuka. Basi wazee wakaita risaga, ile kazi yetu ya kusaidiana, kila boma lilete mikono. Mkubwa wa kujenga alikuwa tata, baba yangu. Kwa nyumba, hakuna mtu alimfikia.

Akaniambia, "Kemunto, beba matope. Shule ikiisha, wewe utaingia wa kwanza."

Weh! Nilibeba kama punda.

Ikaisha. Mviringo safi, nguzo katikati, nyasi juu, vile tata alijua nyumba. Bwana wa elimu, yule wa serikali wa kuleta walimu, akapanda mlima, jasho linamtoka. Akaingia, akazunguka, akazunguka tena kama kuku anatafuta pa kutaga.

"Mzee, ubao tutauweka wapi? Ukuta wote umepinda."

"Mwalimu si ana mikono? Aushike!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Bila kona, hakuna mwalimu." Akashuka zake.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo, akasema, "Fundi, leo umeshindwa na kipande cha mbao?"

Tata akapanda juu ya paa, akaanza kung'oa nyasi yake mwenyewe. Nililia mpaka kwikwi. Nilijua amekasirika, shule imekufa. Kumbe kesho yake alikuwa amepiga magoti, anapima kona kwa kamba ya mgomba, na mimi naitwa: "Kemunto, matope!"

Niliingia wa kwanza. Nilisoma madarasa mawili tu, nikarudishwa nyumbani kulea wadogo zangu, lakini jina langu naandika, wacha mchezo! Na mpaka nilipozaa wangu ndio nikaelewa: mtu anayesifiwa kwa mkono wake, akiibomoa kazi yake mbele ya watu ili msichana asome, huyo hajashindwa.

Siku hizi ile shule ni ya mawe, na mjukuu wangu Moraa anafundisha hapo. Jana nimemwambia haya yote, akanishika mikono.

"Magokoro," akasema, maana ndivyo wanatuita nyanya, "Jumatatu nakuja kukuchukua. Utaketi dawati la mbele, pale kwa kona."