Baba, Baiskeli na Kioo cha Pikipiki

Baba yangu anaendesha baiskeli vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, ila ana ugonjwa mmoja: anageuka. Akimpita mtu njiani lazima amsalimie, na salamu zetu Waha haziishi kwa neno moja. Ukisema "Mwidiwe" umebisha hodi tu. Bado hujauliza watoto, bado hujauliza mgonjwa, bado mahindi yaliyopandwa juzi. Baiskeli haisubiri yote hayo. Kwa hiyo baba husalimia huku anapita, kisha hugeuza shingo nzima ili amalizie akiwa ameshapita. Usukani unaifuata shingo, na mikungu ya ndizi iliyofungwa kwenye karia inaufuata usukani.

Enzi za barabara ya vumbi haikuwa neno. Lori lilikuja likiyumba kwenye mashimo, na dereva alikuwa na muda wa kutosha kumsubiri mzee amalize habari za mahindi. Barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo ilipowekwa lami, magari yanayopita hapa kwetu Makere yakapata mbio. Baba hakubadilika hata kidogo.

Siku moja mama alinipigia simu mjini Kasulu, nilikokuwa na cherehani yangu karibu na soko. Alisema lori lilipiga honi nyuma ya baba, likapiga tena na tena, na yeye badala ya kujibana pembeni akageuka kumalizia salamu na kuingia katikati ya barabara. Dereva alimkwepa kwa bahati, akasimama mbele, akashuka. "Mzee, nimepiga honi mpaka mkono umeuma!" Baba akampa pole ya safari.

"Hiyo baiskeli naipiga kufuli," mama alisema. "Na ufunguo nautupa chooni."

Siku hiyo niliharibu kitambaa cha mteja. Nilimwelewa mama, maana hata mimi niliogopa, niliogopa sana. Lakini nilimjua na baba. Watu wanadhani anakwenda Kasulu ili auze ndizi. Ukweli ni kwamba anauza ndizi ili apate sababu ya kupita njiani. Ukimnyang'anya baiskeli unamwacha hai, sawa, lakini ameketi uani anawatazama kuku, na kuku hawasalimiki.

Nikaenda kwa muuza vipuri nikanunua kioo cha pembeni, kile cha pikipiki. Jumapili nilipokwenda nyumbani nikakifunga kwenye usukani, upande wa kulia, ambako magari hupita. Baba alisimama kando, mikono nyuma, akinitazama kama ninayemtoboa pua ng'ombe wake.

"Kwa hiyo sasa mimi ni bodaboda?"

"Ni kwa ajili ya malori, Baba. Unatupa jicho hapa, hugeuki."

"Na mtu je? Nimsalimie kwa mgongo? Watasema mzee kapata kioo, kaacha kutazama watu."

"Basi usimame uwasalimie."

"Nikisimama kwa kila mtu, mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi bintiye, "ndizi zitaivia njiani."

Mama hakuingia kwenye mjadala. Alitoa kufuli mfukoni, akaiweka juu ya kigoda, akaendelea kupepeta maharage. Baba aliitazama kufuli, akakitazama kioo, akapapasa kidevu na kusema kwamba angalau kitamfaa kwa kunyolea.

Baada ya hapo mama alinipa habari njema: mzee hageuki tena. Basi nikavimba kichwa. Kila mteja aliyefika na baiskeli nilimhubiria habari ya kioo. Mmoja alinibishia kwamba kioo kinamfanya mtu asahau kutazama mbele, kwamba masikio ya mtu yanatosha. Nilimwambia suruali yake haitakuwa tayari wiki hiyo.

Niliporudi nyumbani, nikiwa bado na majivuno yangu, nilikuta kioo kimehamishwa. Kilikuwa upande wa kushoto, kimeinamishwa kuelekea kwenye kijia cha waenda kwa miguu. Kwa kioo kile ungeweza kuona kanga, majembe na mbuzi waliofungwa. Lori usingeliona hata kidogo.

Nilipandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira mdomo hautulii.

"Baba, malori yanapita kulia! Huku unatafuta nini?"

"Malori hayana salamu," alisema.

"Na likikugonga, hao unaowasalimia si watakuja kukuzika?"

Mama, aliyekuwa kando akipepeta maharage, aliacha. Nilijua nimevuka mpaka, lakini baba hakukasirika. Alikuwa ameshika tandiko la baiskeli yake, analifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Nikiwapita, wananiitikia," alisema. "Zamani nilikuwa nawasikia. Ndiyo maana nilianza kugeuka, mama, niwaone midomo. Sasa nawaona humu." Akakigusa kioo. "Kikiwa kule ulikokifunga wewe, nasalimia, lakini ni kama njia nzima imeninunia."

Redio ya nyumbani kwetu ilikuwa inasikika mpaka kwa majirani, na sote tulikuwa tukisema kwamba kitufe chake cha sauti ni kibovu. Honi zile zote za dereva, na sisi tukasema mzee ana mambo. Nilimpenda sana baba yangu dakika ile, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Nilirudi kwa muuza vipuri nikanunua kioo cha pili. Sasa baiskeli ina masikio mawili, la kulia kwa malori, la kushoto kwa watu. Vijana wa kijiweni wanamwita mzee wa ving'amuzi. Anawapungia mkono.

Wiki iliyopita nilikuwa natembea kando ya lami kwenda kupanda gari la mjini, nikasikia sauti nyuma yangu ikiniuliza nimelala vipi. Akanipita na ndizi zake. Upande wa Kibondo lilitokea lori, na kabla halijapiga honi nilimwona baba akitupa jicho kulia, akashuka kwenye udongo, akaliacha lipite. Upepo wake ulipeperusha kanga yangu. Kisha akarudi kwenye lami, na nikayaona macho yake yakihamia kwenye kioo cha kushoto, yakinitafuta.

Sikupaza sauti. Nilifungua mdomo taratibu, neno moja baada ya jingine, nimelala salama, watoto hawajambo, kazi inakwenda, mpaka nikamwona ndani ya kioo akiitikia kwa kichwa kwamba amenipata.